Nani Kaiambia Programu Jina la Lenzi Yako?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wapiga picha na waandishi wa programu za picha. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Ndugu wapiga picha, ndugu waandishi wa programu, na ninyi wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi.

Naanza na swali. Unafungua picha kwenye programu ya kuhariri. Pembeni, chini ya jina la kamera, unakuta jina la lenzi limeandikwa kamili: kampuni, milimita, tundu la kupitishia mwanga, mpaka zile herufi za mwisho zinazotofautisha toleo na toleo. Hukuliandika wewe. Nani kaiambia programu?

Wengi mtajibu: kamera. Na kamera imejuaje? Lenzi imeiambia. Na lenzi imesema nini hasa? Hapo majibu hupungua, na hapo ndipo ninapotaka tukae leo.

Mara nyingi lenzi haitaji jina. Inataja namba. Pale lenzi inapofungwa kwenye mwili wa kamera kuna vijipini vya umeme, na kupitia vijipini hivyo lenzi na kamera huzungumza: umbali wangu wa fokasi, yaani zile milimita, ni huu, tundu langu kubwa kabisa ni hili, mota yangu iendeshwe hivi, na namba yangu ni fulani. Kamera huichukua namba hiyo na kuipachika ndani ya faili. Baadaye programu inaikuta namba, inaitafuta kwenye orodha, na kukusomea jina lililoandikwa mbele yake. Basi twende hatua moja zaidi: orodha hiyo kaiandika nani?

Kiwango cha Exif, ambacho karibu kila kamera ya dijitali hukifuata inapoandika habari za picha ndani ya faili, kilitoka mwaka 1995. Kilikuwa na mahali pa tarehe, mahali pa mwendo wa shata, mahali pa tundu. Jina la lenzi halikuwa na mahali. Lilikuja kupewa mahali pake katika toleo la 2.3, mwaka 2010. Miaka 15, ndugu zangu! Miaka 15 ya kamera za kubadilisha lenzi, na kiwango tunachokitegemea wote hakina hata mstari mmoja wa kuandika lenzi ipi imetumika.

Watengenezaji walifanyaje? Exif humpa kila mtengenezaji eneo lake ndani ya faili, liitwalo MakerNote, na humo anaandika apendavyo. Canon ikaandika namba moja. Pentax ikaandika mbili. Lenzi ya Nikon hutambuliwa kwa kuunganisha baiti nane: utambulisho wake, umbali mfupi na mrefu wa fokasi, tundu katika kila ncha, na kadhalika. Na katika kamera nyingi za Nikon, sehemu hiyo ya faili imefumbwa kwa msimbo, na ufunguo wake hutokana na namba ya mfululizo ya kamera pamoja na idadi ya mipigo ya shata. Litazameni jambo hilo vizuri. Picha ni yako. Lenzi ni yako. Kamera umeinunua kwa fedha yako. Na maelezo ya lenzi yako yamefungiwa ndani ya faili lako! Mwaka 2005 wapiga picha walipaza sauti ilipojulikana kwamba Nikon D2X inafumba taarifa za mizani ya weupe. Walikuwa na haki ya kupaza sauti, na mimi nasema haki hiyo inagusa lenzi vilevile.

Sasa, orodha. Watengenezaji hawakuchapisha orodha zao. Waliozikusanya ni watu kama Phil Harvey, aliyeanza kuandika ExifTool mwaka 2003, na Andreas Huggel, aliyeanzisha Exiv2 mwaka 2004, zote zikiwa zana za kusoma habari zilizomo ndani ya faili la picha. Programu huria kama darktable na digiKam huisoma picha kwa kupitia Exiv2. Na hao nao walizipata wapi namba? Walizipata kwenu.

Namfahamu bwana mmoja mpiga picha wa ndege. Alinunua lenzi ndefu iliyokuwa imetoka karibuni, akafungua picha zake, na pale pa jina akakuta namba tupu. Angeweza kupuuza, picha zilikuwa nzuri tu. Lakini alichukua faili moja lisilohaririwa, akalituma kwa wanaotunza orodha, akaeleza: lenzi niliyotumia ni hii, jina lake lililochongwa kwenye mwili wake ni hili, sikuunganisha telekonveta, kile kifaa kinachowekwa kati ya lenzi na kamera kuongeza milimita. Toleo lililofuata likawa na mstari mpya. Tangu hapo, kila mwenye lenzi ile, popote alipo, akifungua picha anaona jina. Hajui limetoka wapi. Anadhani kompyuta ina akili.

Kwa hiyo kila mnapoliona jina la lenzi kwenye skrini, mnausoma ushahidi wa mtu. Mpiga picha mmoja alisema: nilikuwa nayo mkononi, na namba iliyotokea ni hii. Nataka mlishike hilo, maana ushahidi unaweza kuwa sahihi, unaweza kuwa pungufu, na unaweza kugongana na ushahidi mwingine.

Na unagongana kweli. Chukueni namba 6 ya Canon. Ni ya lenzi ya Canon EF 28-70mm f/3.5-4.5. Lakini namba hiyohiyo, 6, hutolewa na Sigma 18-50mm f/3.5-5.6. Hutolewa na Sigma 18-125mm. Hutolewa na lenzi ya Tokina ya 19-35mm. Lenzi nne za kampuni tatu, na namba moja!

Imekuwaje? Canon ilipoleta mfumo wa EF mwaka 1987, mazungumzo yote kati ya lenzi na kamera yakawa ya umeme. Kampuni nyingine zilipotaka kutengeneza lenzi za kamera hizo, zilisikiliza mazungumzo hayo na kuyaiga. Lenzi zao nazo zilihitaji kujitambulisha kwa namba ambayo kamera itaikubali. Zikafanya kama mtu asiye na kitambulisho anayeazima cha jirani: mlinzi anampisha, lakini kwenye daftari la getini limeandikwa jina la jirani.

Je, programu inakwama hapo? Haikwami mara moja. Inaanza kuchuja. Kamera za Canon huandika pia umbali mfupi na mrefu wa lenzi. Namba ikiwa 6 na umbali ukianzia milimita 18, ile 28-70mm imeondoka. Ukiishia 50, ile 18-125mm nayo imeondoka. Imebaki moja. Huu ni utambuzi wa haki kabisa, na mwandishi wa programu aliyeufikiria anastahili pongezi zenu.

Lakini njooni kwenye namba 173. Canon EF 180mm Macro f/3.5L. Na nani mwingine? Sigma 180mm Macro f/3.5. Namba moja, milimita zilezile, tundu lilelile. Uchujaji wote niliousimulia unaishia ukutani. Hakuna ujanja wa kihesabu utakaozitenganisha lenzi hizi mbili kwa namba hizo.

Kuna dada mmoja, rafiki yangu, anayepiga wadudu na maua. Lenzi yake ilikuwa mojawapo ya hizi zinazogawana namba na nyingine. Siku moja mfuko wake wa vifaa uliibwa. Bima wakataka athibitishe kwamba lenzi aliyoidai aliwahi kuwa nayo. Akawapelekea picha zake, akiamini kila kitu kimeandikwa ndani. Kimeandikwa kweli, ila kwa jina la lenzi nyingine, ambayo hakuwahi kuishika maishani mwake. Programu yake ilikuwa imekutana na majina mawili, ikachagua la kwanza, na haikumwambia. Hilo la kutomwambia ndilo linaloniuma. Kutojua si kosa la programu. Kujifanya inajua ni kosa.

Mtaniuliza: jina ni jina tu, picha si ileile? Laiti ingekuwa hivyo.

Jina la lenzi siku hizi ni amri. Kila lenzi ina tabia zake: inapindisha mistari iliyonyooka, inatia giza pembeni, inaacha uzi wa zambarau au kijani kwenye kingo kwa sababu rangi hazitui mahali pamoja. Tabia hizo zinapimika. Adobe ilileta marekebisho ya lenzi kwa wasifu uliopimwa katika Lightroom 3, mwaka 2010. Upande wa programu huria, Lensfun ilianza mwaka 2007 ikiwa na hifadhidata yake, na ndiyo inayotumika ndani ya darktable, RawTherapee na digiKam. Programu inasoma jina, inalitafuta kwenye hifadhidata, inachukua vipimo vya upindaji kwa umbali ule wa fokasi, kisha inaanza kusogeza pikseli. Inasogeza picha yako, ndugu yangu! Jina likikosewa, inasogezwa kwa vipimo vya lenzi ya mtu mwingine.

Mpiga picha mmoja wa majengo alipewa kazi ya ukumbi mrefu wenye nguzo mbili mbili kutoka mlangoni hadi jukwaani. Alitumia zumu ya toleo la pili. Toleo la kwanza lilikuwa na milimita zilezile na tundu lilelile, lakini vioo vya ndani vilikuwa tofauti, na lile la kwanza lilikuwa likivimbisha mistari kuelekea nje sana. Programu ikaliona toleo la kwanza. Ikarekebisha uvimbe ambao haukuwepo. Nguzo za pembeni zikaingia ndani kiunoni, kila picha, kazi nzima. Yeye akailaumu lenzi. Akaipeleka kwa fundi. Fundi akaipima, akamrudishia: nzima. Mpaka mwenzake alipomwambia, hebu zima marekebisho uone. Akazima, nguzo zikasimama.

Mnaona tulipofika? Lenzi nzima imepelekwa kwa fundi kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi.

Na hata namba ikiwa sahihi, maandishi yenyewe yanasumbua. Kamera ya Canon huandika EF24-105mm f/4L IS USM, herufi na tarakimu zimeshikana. Orodha nyingi huandika Canon EF 24-105mm f/4L IS USM, kuna kampuni na kuna nafasi. Kwako wewe ni kitu kimoja. Kwa kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi, ni lenzi mbili. Ndiyo maana Lensfun hulinganisha majina kwa ukaribu, ikiyavunja vipandevipande na kutafuta kinachofanana zaidi. Ukaribu huo unasaidia sana, na ukaribu huohuo ndio unaoweza kukupa toleo la kwanza wakati una la pili.

Lenzi mpya nazo zina yao. Lenzi za RF za Canon, zilizoanza mwaka 2018, huandika namba moja kwa zote pale pa zamani: 61182. Tofauti kati ya lenzi na lenzi imehamia kwenye lebo nyingine kabisa. Programu isiyoijua lebo hiyo huziona zote kuwa kitu kimoja.

Sasa wapo watakaosema dawa imeshapatikana. Mfumo wa Micro Four Thirds, tangu mwaka 2008, husafirisha vipimo vya marekebisho ndani ya faili lenyewe, na muundo wa faili la picha ghafi uitwao DNG, toleo la 1.3, mwaka 2009, ukafungua mlango huo kwa yeyote anayetaka. Vipimo vikiwa ndani ya faili, programu haina haja ya kulijua jina ndipo irekebishe. Nakubali, ni hatua kubwa, na ningependa kila mtengenezaji aifuate. Lakini vipimo hivyo vitatoka kwa lenzi inayoweza kuzungumza. Na zile zisizo na mdomo?

Helios 44-2, milimita 58, f/2. Najua wapo humu wanaoipenda. Haina chipu, haina waya, haina chochote cha kuiambia kamera. Ukiifunga kwa adapta ya kawaida, mara nyingi faili linaandikwa milimita 0, na jina halipo. Hilo mimi silinung'unikii. Sifuri ni jibu la kweli. Linalonisumbua ni adapta zenye chipu, zile zinazofanya kamera iamini kuna lenzi ya kisasa mbele yake. Kijana mmoja mwenye mkusanyiko wa lenzi za zamani alinunua adapta ya namna hiyo, na chipu yake ilikuwa imewekwa iseme 50mm f/1.4 wakati wote. Akapiga kwa 58mm, ikaandikwa 50. Akapiga kwa 135mm, ikaandikwa 50. Mkusanyiko wake wote ukawa lenzi moja. Baya zaidi, programu ikamrekebishia picha za 135mm kwa vipimo vya 50mm ya kisasa, na picha za lenzi zile, ambazo watu huzitafuta kwa tabia zao za pekee, zikapoteza tabia hiyo.

Tazameni kamera za Pentax zenye kituliza mtikisiko ndani ya mwili wake. Ukifunga lenzi isiyo na chipu, kamera inakuuliza: umbali wa fokasi ni ngapi? Inauliza! Imejua kwamba haijui, na imejua nani anayejua: wewe uliyeishika lenzi mkononi. Huo ndio mwenendo ninaoutaka kwenye programu zetu.

Kwa hiyo, waandishi wa programu, nawageukia ninyi kwanza, kwa heshima zote. Mkikutana na majina mawili, onyesheni majina mawili. ExifTool hufanya hivyo: hukuandikia lenzi hii au ile, na haioni haya. Mwacheni mtumiaji achague mara moja, na mkumbuke alichochagua kwa kamera ile na namba ile. Msiwashe marekebisho yenyewe pale ambapo jina limepatikana kwa kukisia. Namba ghafi iwekwe wazi, si lazima mbele ya macho, lakini anayeitafuta aipate. Na jina alilorekebisha mtumiaji kwa mkono wake lisifutwe tena na programu kwa sababu tu orodha imesasishwa. Hilo la mwisho nimeliona likiwavunja moyo watu wengi, na halihitaji utafiti mkubwa kulirekebisha.

Kuna njia moja naipenda kuliko zote. ExifTool inakuruhusu kuandika, kwenye faili lake la mipangilio, orodha ya lenzi unazomiliki wewe. Namba ikigawanywa na lenzi kadhaa, inachagua ile iliyo kwenye orodha yako. Exiv2 nayo ina faili lake ambamo unaweza kuandika: namba hii, kwangu mimi, ni lenzi hii. Studio moja ninayoifahamu ilifanya hivyo kwa lenzi zake zote katika jioni moja, na makosa ya majina yakaisha. Kwa nini jambo hili limefichwa kwenye mafaili ambayo mpiga picha wa kawaida hajui kuyafungua? Kwa nini programu ya kuhariri isikuulize siku ya kwanza: una lenzi zipi? Mfuko wa mpiga picha una lenzi chache. Orodha ya dunia ni ndefu mno. Kutafuta kwenye mfuko ni rahisi kuliko kutafuta kwenye orodha ya dunia, na usahihi wake haulinganishwi.

Watengenezaji wa kamera na lenzi, kama wapo wanaonisikia: chapisheni namba zenu. Mstari wa jina katika Exif upo tangu 2010. Ujazeni, wote, kila mara, kwa jina lilelile mlilolichonga kwenye lenzi.

Na sisi wapiga picha? Sisi tuna kazi yetu. Ukikuta jina lisilo sahihi, usilinyamazie. Tuma faili moja ambalo halijapita kwenye programu yoyote, maana kuna programu zinazopunguza au kubadilisha eneo la MakerNote zinapohifadhi upya. Taja jina kamili la lenzi, na useme kama palikuwa na telekonveta, kwa kuwa telekonveta ya 1.4x au 2x hubadilisha umbali na tundu, na mchujo wote niliousimulia hupotea njia. Kwa lenzi za zamani, andika jina mwenyewe: ExifTool huweza kuliandika kwenye faili moja au kwenye folda nzima kwa amri moja.

Na ukitaka kwenda mbali zaidi, pima lenzi yako kwa ajili ya Lensfun. Si kazi ya kutisha. Unahitaji jengo lenye mistari mirefu iliyonyooka, upige ukiwa mbali, kwa milimita kadhaa kama ni zumu. Mistari hiyo ndiyo inayoonyesha upindaji, na kingo zake zenye weusi na weupe uliokolea zinaonyesha rangi zinavyopishana. Kwa giza la pembeni, unaweka kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga mbele ya lenzi, unapiga kwa matundu tofauti, ukianza na kubwa kabisa. Picha hizo unazikabidhi kwa wanaopima, au unajifunza kupima mwenyewe.

Leo, baada ya mapumziko, tumetenga chumba cha pili kwa kazi hiyo. Kipande cha plastiki kipo, kompyuta zipo, na ukuta wa nje wa jengo hili una mistari ya kutosha. Wenye lenzi ambazo programu hazizijui, au zinaziita kwa jina la nyingine, njooni nazo. Wenye telekonveta ziacheni mezani kwanza.

Asanteni sana.